Riziki ya Wasafiri: Sufailih wa Dhofar, Simbi na Dagaa katika Njia ya Misafara ya Tabora

 

Miaka kadhaa iliyopita, mjini Tabora, baada ya darsa la alasiri, kijana mmoja alinijia na swali. Hakuja na swali peke yake, alikuja na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na vipande vya nyama kavu, rangi ya kahawia, vigumu kama soli ya kiatu. Vililetwa na jamaa yao aliyetoka Salalah kuja kuwazuru ndugu zake. Watu wa Tabora wanajua kwamba familia nyingi za mji huu zina mguu mmoja Oman na mwingine Unyanyembe, tangu zama za babu zao.

"Shikamoo, Sheikh. Babu amekataa kula, na amesema mtu asiipike katika sufuria za nyumba," akaniambia. "Anasema hiki ni konokono, na konokono ni haramu. Ami naye amekasirika, anasema kule Dhofar Waislamu wanakula miaka yote, tena ni zawadi ya heshima."

Nikamwuliza, "Ami yako anakiitaje kwa Kiarabu?"

"Sufailih."

Nilimwambia asubiri. Si kwamba hukumu yake ni ngumu, bali niliona watu wawili wanagombana juu ya jina, na hakuna kati yao aliyemwona mnyama mwenyewe. Na katika fiqhi, ndugu msomaji, mlango wa vyakula umeharibiwa mara nyingi na majina. Nikasoma, nikauliza, na kila nilipoendelea nikajikuta narudi Tabora ile ile, katika njia ya misafara, ambako vitu vya bahari vimekuwa vikifika tangu kabla ya reli. Makala haya ndiyo matokeo ya kusubiri huko.

Sufailih ni nani

Sufailih ni mnyama wa baharini mwenye ganda moja pana, lililo bapa kama sikio la mtu, na ndani yake linang'aa rangi za upinde wa mvua. Kwenye ukingo wa ganda pana mstari wa vitundu. Kwa vitundu hivyo hutoa maji aliyokwisha kuyapumulia, kwa kuwa anapumua kwa mashavu kama samaki. Wazungu wanamwita abaloni. Aina ya Oman inapatikana katika pwani ya Dhofar, upande wa mashariki wa Salalah, penye Mirbat, Sadah, Hadbin na Hasik. Pwani hiyo hupigwa na upepo wa kusi kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wanaouita kharif. Upepo ule huyasukuma maji ya juu, na maji baridi ya chini yakapanda, na mwani ukastawi kwa wingi juu ya majabali. Mwani ndio chakula chake.

Anaishi amejibandika juu ya jiwe kwa unyayo wake, na unyayo huo ndio nyama inayoliwa. Wazamiaji huingia baharini kharif ikiisha na bahari ikitulia. Hupiga mbizi kwa pumzi zao bila mitungi ya hewa, wakiwa na miwani ya maji, kisu au kipande cha chuma, na mfuko wa wavu kiunoni. Akimwona juu ya jabali, mzamiaji humwingiza chuma chini ya unyayo kwa pigo moja la ghafla. Akimgusa kwanza kisha akasita, mnyama hujikaza juu ya jiwe, na hapo kumtoa ni taabu na huenda nyama ikakatika. Serikali ya Oman imeweka msimu mfupi, ikakataza kuchukua walio wadogo wa chini ya milimita 90, na katika miaka mingine ikafunga msimu wote ili wapate kuzaana. Sehemu kubwa ya sufailih waliokaushwa huuzwa Mashariki ya Mbali kwa bei kubwa, na kinachobaki huliwa nyumbani na kupewa wageni.

Kumtayarisha si kazi ndefu kwa aliyezoea. Nyama hutolewa gandani, matumbo hutupwa, weusi wa pembeni husuguliwa kwa chumvi, kisha huchemshwa na kuanikwa juani mpaka ikauke kabisa. Ikikauka namna hiyo hukaa muda mrefu bila kuoza, na ndiyo maana iliweza kusafiri katika sanduku la mgeni mpaka Tabora.

Hukumu ya mnyama mwenye ganda

Wanazuoni wote wanaanzia katika aya ya 96 ya Suratul Maida, ambamo Mwenyezi Mungu amehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, hata kwa aliye katika ihramu, na akaharamisha juu yake mawindo ya bara. Imamu Tabari amebainisha kwamba bahari katika aya hii inaingiza mito pia, kwa kuwa Waarabu huita maji mengi bahari. Watu wa Tabora hawakuhitaji kufundishwa hilo: wafanya biashara wa zamani waliliita ziwa Tanganyika bahari ya Ujiji.

Kisha ipo hadithi ya mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akasema kwamba wao hupanda bahari na huchukua maji machache, je watawadhe kwa maji ya bahari? Akajibiwa kwamba maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Ameipokea Abu Huraira (r.a.), na imo katika Muwatta na katika Sunan nne.

Hapo wakahitilafiana katika upana wa hukumu. Mahanafi wamesema kinacholiwa katika bahari ni samaki tu. Chaza, kombe na mfano wake haviliwi. Wamaliki wamepanua kupita wote. Mahanbali wamehalalisha ila chura, nyoka na mamba. Ama katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi (Mwenyezi Mungu amrehemu), Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba samaki ni halali vyovyote afavyo, na kisichokuwa samaki, miongoni mwa vile visivyoishi ila majini, ni halali pia kwa qauli iliyo sahihi zaidi. Kisha akavitoa vinavyoishi bara na majini pamoja, kama chura, kaa na nyoka.

Sasa tazama mnyama wetu. Akitolewa majini hana maisha ila ya kufa. Mashavu yake yakikauka amekwisha. Konokono wa shambani kwa Mashafi ni katika wadudu wa ardhini wasioliwa, na yeye ni wa bara. Waswahili tumewapa wote wawili jina moja, konokono, au koa, kwa sababu ya umbo la ganda, na babu wa yule kijana akaichukua hukumu ya wa bara akambebesha wa bahari. Lau jina lingetosha kuharamisha, basi asingeliwa pweza, kwani wapo wanaomwita kwa majina mabaya kuliko hayo.

Lakini nisimdhulumu mzee. Katika vitabu vyetu ipo khitilafu ya kweli juu ya wanyama wa ganda, nayo ni mas'ala ya danilas, wale kombe wadogo. Ibn Adlan na wanazuoni wa zama zake walitoa fatwa kwamba ni halali. Ikanukuliwa pia kutoka kwa Sheikh Izzuddin ibn Abdissalam fatwa ya kukataza, na wapo waliotilia shaka kama nukuu hiyo ni sahihi. Hoja ya kukataza ilikuwa kwamba kaa huzaliwa ndani ya danilas. Na kaa akiwa haramu, asili yake nayo ni haramu.

Msomaji wa leo huenda akacheka. Asicheke. Mimi nimeona kwa macho yangu, kwa kina mama wa pwani waliokuwa wakivunja chaza wakati wa bamvua, kaa mdogo laini, hazidi punje ya mbaazi, akitoka hai ndani ya ganda la chaza. Ni kaa wa namna yake anayeingia humo akiwa mdogo na kuishi kwa kukimbilia chakula cha mwenyeji wake. Nadhani waliosema danilas humzaa kaa waliyaona haya haya, wakahukumu kwa walichokiona. Kosa lao lilikuwa katika habari za viumbe, na fiqhi ikafuata njia ya habari waliyokuwa nayo. Kwa kuwa sasa tunajua kwamba yule ni mpangaji tu wala si mtoto wa nyumba, sababu ya kukataza imeondoka, na anayepika chaza amtoe yule kaa.

Pigo la mzamiaji

Imepokewa katika Ibn Majah na Musnad Ahmad, kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), katazo la kununua pigo la mzamiaji, nako ni kusema: nitapiga mbizi moja, nitakachotoka nacho ni chako kwa kiasi hiki. Isnadi yake ina udhaifu, lakini maana yake imekubaliwa na wanazuoni kwa sababu ya gharari: mnunuzi huenda akapata lulu na huenda akapata mchanga. Mzamiaji akiajiriwa kwa ujira wa siku, au wakishirikiana kwa mafungu yanayojulikana, hapana neno. Ubaya uko katika kuuza ambacho bado kimeshikamana na jiwe chini ya bahari.

Nimelitaja hili kwa sababu biashara ya misafara ilikaa jirani sana na pigo la mzamiaji. Mkuu wa msafara alichukua nguo, shanga na waya kwa mkopo Unguja, akaenda bara kwa miaka, na pembe za ndovu zilizokusudiwa kulipa deni zilikuwa bado kwenye vichwa vya ndovu. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Kuuza kwa bei ya muda si haramu, bei ikiwa imekatwa na muda umetajwa. Lakini deni likikua kila muda unapopita, hiyo ni riba bila shaka. Wazamiaji wa lulu wa Ghuba nao walifungwa na madeni ya manakhodha namna hiyo hiyo, msimu baada ya msimu.

Ganda lililotangulia Tabora

Nyama ya sufailih ilifika Tabora kwa ndege na gari. Lakini maganda ya wanyama wa bahari yalikwisha kufika kwa vichwa vya wapagazi zamani sana.

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, safari yao kutoka pwani ilikuwa imechukua siku 134. Wakapokewa na Snay bin Amir, Mwarabu wa Kiharithi aliyekuwa mkubwa wa wafanya biashara wa pale. Alikuwapo pia katika mji huo katika miaka hiyo Musa Mzuri, mfanya biashara wa Kihindi mwenye asili ya Surat. Mji mmoja ukakusanya Maibadhi wa Oman, Mashafi wa Mrima na Unguja, na Wahindi wa madhehebu zao, wote wakiwa wageni wa Watemi wa Unyanyembe.

Katika mizigo mlikuwa na simbi, ambazo pwani huitwa pia kauri. Zilikusanywa katika fukwe na miamba ya Unguja, Mafia na Mrima maji yanapokupwa, nyingi zao na wanawake na watoto. Nyama yake haikuwa na kazi. Zilifukiwa mchangani mpaka mnyama akaoza, kisha zikaoshwa. Tangu miaka ya 1840 kampuni za Hamburg, ya Hertz na baadaye ya O'Swald, zilizipakia merikebuni kutoka Unguja kwenda Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Zilimwagwa kwa wingi mno hata thamani yake ikaanguka huko. Kwa upande wa bara letu, zilipita Tabora na Karagwe mpaka Buganda, njia ile ile aliyoipita Ahmed bin Ibrahim aliyefika kwa Kabaka Suna kiasi cha mwaka 1844. Mpaka leo Waganda huita fedha ensimbi.

Mwanafunzi atauliza: je, ganda la mnyama aliyeoza lina twahara? Jibu limo katika hadithi tuliyoitaja. Mfu wa bahari ni twahara, basi simbi ni twahara, na aliyeswali nayo mfukoni swala yake ni sahihi. Je, kubadilisha simbi kwa simbi kwa ziada ni riba? Katika madhehebu yetu riba ya kubadilishana fedha imefungwa katika dhahabu na fedha, na vitu vingine vinavyozunguka kama pesa haviingii katika qauli iliyotegemewa. Wanazuoni wa zama hizi wamejadili upya suala hilo kwa sababu ya noti za karatasi. Na zaka yake? Kilichotolewa baharini hakina zaka kwa kutolewa tu, ila kikiwa bidhaa ya biashara huthaminiwa mwaka ukipita na hutolewa robo ya ushuri.

Ganda jingine lilikuwa na heshima kubwa zaidi: kiwangwa, duara jeupe lililokatwa kutoka kitako cha koa mkubwa wa baharini mwenye umbo la pia. Kwa Wanyamwezi kilivaliwa na watawala. Fikiri, ndugu msomaji: mnyama ambaye mvuvi wa Mrima angemkanyaga bila kumtazama, ganda lake likawa alama ya mtemi aliyeishi safari ya miezi kutoka baharini.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Simbi hizo ziliingia pia katika mikoba ya waganga na kufungwa shingoni mwa watoto. Uqba bin Amir (r.a.) amepokea, katika Musnad Ahmad, onyo la Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kujitundikia talasimu, na mwenye kujitundikia wada'a. Neno wada'a ndilo simbi. Biashara ile ile iliyoleta Uislamu Unyamwezi ilileta na malighafi ya hirizi, katika mzigo mmoja.

Dagaa, na neno sayyara

Chakula cha maji kilichowalisha watu wa Tabora hasa hakikutoka mashariki. Kilitoka magharibi, Ujiji. Burton na Speke walifika huko Februari 1858, na dagaa walikuwa wakivuliwa na kukaushwa kama tunavyowajua. Speke aliokota pia makombe ya ziwa, yakapelekwa London, na mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward akayaeleza, mmoja katika chaza wale wa maji baridi ana jina la Speke hadi leo. Lakini mwenyeji wa Ujiji alikuwa na shughuli na dagaa.

Walivuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Mtumbwi ulikuwa na moto wa kuni mbele. Dagaa wakaufuata mwanga, na mvuvi akawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mti mrefu. Asubuhi walitandazwa mchangani. Siku moja ya jua kali yatosha. Mvua ikinyesha siku hiyo, mali imekwenda. Hapakuwa na haja ya chumvi, ingawa chumvi nzuri ilikuwa njiani, katika chemchemi za Uvinza karibu na mto Malagarasi.

Dagaa huliwa mzima na matumbo yake, na baadhi ya wanafunzi huliona hili kuwa tatizo, kwa kuwa kilichomo tumboni mwa samaki ni najisi. Vitabu vya Kishafi vimelijibu: samaki wadogo wamesamehewa kwa uzito wa kuwapasua mmoja mmoja, na waliotangulia waliwala hivyo. Samaki mkubwa hana msamaha huo, lazima asafishwe.

Kutoka Ujiji hadi Tabora ni kiasi cha kilomita 400, na mpagazi alikula alichokibeba au alichokinunua kwa posho yake ya nguo na shanga. Pale Ujiji shanga ziitwazo sofi zilikuwa ndizo pesa za sokoni. Njia ilipofungwa kwa vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, kuanzia mwaka 1871, Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo magunia ya dagaa yakapanda behewa.

Sasa turudi kwenye ile aya. Mwisho wa hukumu yake Mwenyezi Mungu ametaja kwamba chakula cha bahari ni manufaa kwenu na kwa sayyara. Tafsiri zetu husema wasafiri, na ni sawa. Lakini sayyara kwa Kiarabu cha Qur'an ni watu wanaokwenda pamoja: ni msafara. Miongoni mwa wafasiri wapo waliosema, nayo imenukuliwa na Ibn Kathir, kwamba mbichi ni ya waliopo kando ya maji, na iliyotiwa chumvi na kukaushwa ni akiba ya wasafiri na walio mbali na bahari. Nilipoisoma kauli hii nikiwa Tabora niliwaona wapagazi na mafurushi yao kana kwamba wanapita barazani kwangu.

Na Maswahaba wameishi hilo. Jabir (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, habari za jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubaida bin al-Jarrah (r.a.), waliofikwa na njaa hata wakala majani. Bahari ikawatupia samaki mkubwa aitwaye anbar. Abu Ubaida kwanza alisita kwa kuwa ni mfu, kisha akawaruhusu kwa dharura. Wakala siku nyingi, wakachukua vipande vya nyama yake iliyokaushwa kuwa akiba ya njia. Walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) akaomba kipande akala, naye yupo mjini bila njaa wala dharura. Kwa tendo hilo ikajulikana kwamba ni halali ya asili. Hivyo nyama kavu ya bahari katika mkoba wa msafiri si jambo geni katika dini hii.

Lakini neno sayyara limekuja katika Qur'an mahali pengine, nami siwezi kulinyamazia nikiandika juu ya Tabora. Limo mara mbili katika Suratu Yusuf. Msafara ulipita, ukamtuma mchota maji, akamtoa Nabii Yusuf (a.s.) kisimani, wakamficha kama bidhaa, kisha akauzwa kwa thamani duni. Sayyara mmoja ameneemeshwa kwa chakula cha bahari. Sayyara mwingine amemuuza muungwana. Katika njia yetu walikuwa ni watu wale wale. Nguo zile, shanga zile, simbi na waya, zilinunua mtama na dagaa, zikanunua pembe, zikanunua watu waliotekwa Manyema na kwingineko. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash. Hapa Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922.

Wapo miongoni mwetu wanaojibu kwamba utumwa ulikuwa na hukumu zake katika fiqhi. Ndiyo, ulikuwa nazo, na ya kwanza ni kwamba muungwana hauziki. Katika Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Kijiji kilichovamiwa usiku ili watu wake wafungwe minyororo hakina sura ya jihadi, na aliyetekwa humo ni muungwana. Mzee wa Tabora aliyechunga asile koa kwa khofu ya haramu namheshimu, lakini katika historia ya mji wetu walikuwapo waliouliza kwa makini kama samaki amekufa vipi, wasiulize yule aliyebeba gunia la samaki alipatikana vipi.

Nilimwita yule kijana baada ya wiki mbili. Nikamweleza kwamba sufailih kwa madhehebu yetu ni halali, kwamba si konokono wa shambani, na kwamba jirani yao wa Kihanafi akialikwa asilazimishwe, kwa kuwa ana imamu wake. Nikamwambia pia babu asilazimishwe: kuacha halali kwa kutoipenda si dhambi, ilimradi asiiharamishe. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliacha kula kenge wa jangwani aliyeletwa mbele yake, na Khalid bin al-Walid (r.a.) akala naye akitazama.

Wakairoweka usiku kucha, wakabadilisha maji mara mbili, wakaichemsha kwa moto mdogo tangu asubuhi hadi adhuhuri ilipolainika, wakaikata vipande vyembamba na kuiunga kwa vitunguu, bizari na ndimu juu ya wali. Nilialikwa. Mzee alikuwa kichwani pa mkeka, na mbele yake wamemwekea sahani yake ya dagaa wa Kigoma. Katikati ya kula akaunyosha mkono kwenye sinia yetu, akachukua kipande kimoja, akakitafuna kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ni kigumu," na akarudi kwenye dagaa wake.